Posa ya Doto na Matairi Yasiyojua Pancha

Tangu nirudi, kila anayeingia chumba changu cha kushonea anauliza swali lilelile: "Mama Asha, mbona gari limeondoka na matairi ya kifahari limerudi na ya mtumba, halafu wewe unatabasamu tu?" Nikianza kueleza, anaingia mteja na suruali ya kupunguza, habari inakatika. Basi nimeamua kuyaandika yote, msome wenyewe mniache nishone. Ya kununua gari na makaratasi ya bandarini siyagusi, maana hayana utamu wowote.

Kwa wasiojua, Doto ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nami ndiye niliyemlea. Alisoma chuo cha ualimu Korogwe, na huko akampata Zaina, binti wa Mzee Mhando wa Kang'ata, Handeni. Siku ya kwanza tuliyopangiwa kupeleka posa tulipata msiba, hatukwenda. Mzee Mhando akatuma ujumbe: njooni Jumamosi kabla ya adhuhuri, msipokuja kuna mtu wa Tanga naye ameleta maneno yake, nitampa yeye jibu. Doto alinieleza hayo mwenyewe. Mwanaume mzima, mwalimu wa hesabu, akaniambia, "Shangazi, nikimkosa huyu sioi tena." Nilimwambia aache ujinga, lakini moyoni niliogopa. Baba yake naye alikuwa hivyohivyo, akishasema neno hageuki.

Muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe. Tulikwenda mimi na mshenga, Mzee Maganga, rafiki wa kaka yangu tangu ujana wao Tabora. Ni mtu mrefu, anapenda kuvaa, na akiwa mahali hapajawahi kuwa kimya.

Magomeni hadi Chalinze

Tungeweza kupanda basi. Aliyekataa ni mimi. Miaka hii milango ya biashara imefunguliwa, magari ya mtumba yanashushwa bandarini kila kukicha, na hata mshonaji mjane kama mimi niliweza kujipatia kigari. Nikataka watu wa Zaina wakione.

Kilikuwa chekundu, cha milango miwili, kidogo kiasi kwamba Mzee Maganga alikaa magoti yakimkaribia kidevu. Kwenye buti hapakuwa na tairi la akiba. Nilipomuuliza muuzaji alicheka, akanieleza kwamba matairi haya kuta zake ni nene na ngumu, yakiishiwa upepo gari linaendelea kutembea. "Mama, hili gari halijui pancha," alisema. Hakunidanganya. Alichosahau ni kuniambia kwamba linatembea kwa kitambo tu, tena polepole.

Kwa kuwa buti lilikuwa tupu, nilipanga humo vitu vya posa kwa nafasi: kanga za mama mtu, shuka la baba, sukari, majani ya chai. Kishika uchumba alikuwa nacho Mzee Maganga, amekifunga kwenye leso na kukitia mfuko wa ndani wa koti. Kila tulipopita shimo alikigusa kuhakikisha kipo. Na mashimo tuliyasikia yote, maana matairi yale yalikuwa magumu kweli. Mwenzangu alidai amehesabu kokoto zote za barabara kwa makalio yake. Chalinze tulikunywa supu ya mbuzi, na vijana wa pale wakakizunguka kigari wakikisifu. Nilichelewa kuondoka makusudi ili nisikie sifa zaidi.

Kabuku

Tulikuwa tumeshaipita Mkata, tukizungukia Korogwe kufuata lami, pale taa ndogo ya njano yenye mchoro kama wa tairi ilipowaka kwenye dashibodi. Kitabu cha gari kilikuwa kwa lugha ambayo si mimi wala Mzee Maganga aliyejua inasomwa kutoka upande gani. Tukasimama Kabuku kuuliza.

Sijui kwenu, lakini barabarani kwetu tairi hupimwa kwa teke. Muuza mahindi ya kuchoma akaacha jiko lake akapiga teke. Dereva wa basi akashuka, akapiga teke na kubonyeza kwa kidole gumba. Kila mtu akasema matairi yamejaa sawasawa, magumu kama jiwe. Na hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, kwa sababu matairi yale ni magumu hata yakiwa hayana upepo hata kidogo. Mzee Maganga, ili asiachwe nyuma, akapiga teke la kwake kwa nguvu zote. Soli ya kiatu chake cha ngozi ikaachama mdomo.

"Gari zima," alisema yule dereva wa basi. "Ni taa ndiyo ina wazimu."

Akanipa kipande cha gundi nyeusi ya umeme, nikaibandika juu ya taa. Ikawa haionekani, tukafurahi wote. Tulinunua mahindi, yale yenye chumvi na pilipili na ndimu, na muuzaji akatuongezea moja la pole ya kiatu.

Karibu na Segera

Baada ya Kabuku nikaona watu wa kando ya njia wanatupungia mikono. Akina mama wenye vikapu, mtu wa baiskeli, wafanyakazi wa shamba la mkonge, wote wanapunga kwa bidii. Nikawapungia na mimi. Nikamwambia Mzee Maganga kwamba watu wa huku wana adabu kuliko sisi wa mjini. Akakubali, akashusha kioo, akawa anaitikia kama mbunge.

Kumbe walikuwa wanatuambia tunaungua. Harufu ya mpira ndiyo iliyotuzindua, kisha gari likaanza kuvuta kushoto, likatetemeka, likakataa. Tuliposhuka tukakuta tairi la nyuma limepasuka vipandevipande na linafuka moshi. Tulikuwa tumeliendesha bila upepo tangu kabla ya Kabuku, kwa mwendo wa watu wenye haraka. Spea hatuna. Nilisimama pale kwenye jua nikamuona Doto akilini mwangu, nikaanza kulia, sifichi.

Lori lililokuwa limeshusha machungwa Dar na linarudi tupu likasimama. Dereva wake aliitwa Mbwana, mtu wa Mnyuzi, mnene, mwenye sauti ya kuuzia mnadani. Aliuliza majina yetu kwanza kabla ya kuuliza shida.

"Maganga? Maganga wa wapi?"

"Tabora, Mnyamwezi kamili."

Mbwana alishika tumbo akacheka mpaka akakaa chini. "Mimi Mzigua! Watani zangu hawa! Jamani njooni mwone, Wanyamwezi wamekwama!"

Wazigua na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za mababu, wakati watu wetu walipokuwa wakipita nchi hii na mizigo kichwani kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana mchana kutwa na huruhusiwi kukasirika. Lakini mtani huyohuyo, ukiwa na shida, haruhusiwi kukupita. Mimi nilijua hivyo kwa kusikia tu. Siku ile niliona kwa macho. Mbwana alirudisha lori nyuma mpaka kwenye ukingo wa udongo, akapanga mbao mbili, akawaita wale wafanyakazi wa mkonge, na kigari changu kikasukumwa kikapanda ndani ya lori.

"Miaka yote nyinyi ndio wabebaji," alisema akifunga kamba ya katani. "Leo Mzigua amembeba Mnyamwezi, na gari lake, na mahari yake. Nikifa sasa hivi nimeridhika!"

"Tumewaonea huruma," Mzee Maganga alijibu. "Na njaa yenu ya Handeni, hamjapata kitu cha kubeba muda mrefu."

Mbwana akacheka tena, akaacha njia ya kwao, akatupeleka Korogwe.

Korogwe

Kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ya matairi. Fundi pancha aliitwa Semboja, naye alianza kwa kujisifu: hakuna tairi Korogwe nzima lililowahi kumshinda. Aliangalia langu lililopasuka, akayaangalia matatu yaliyobaki, akatoa hukumu. Jingine kama hilo hatalipata, si Korogwe wala Tanga. Akiweka la kawaida moja pamoja na magumu matatu, gari litayumba kwenye vumbi la Handeni. Tubadilishe yote manne, na la tano liwe spea. Nikakubali, nikijifariji kwamba hiyo ni kazi ya asubuhi tu.

Kuyapata ya kawaida haikuwa shida. Muuza matairi ya mtumba alikuwa nayo ya kuenea rimu zangu, matatu ya kufanana, na mawili kila moja na sura yake. Shida ilikuwa kuyatoa yale ya zamani kwenye rimu. Semboja alichomeka mitaimbo, akaning'inia, mtaimbo ukapinda. Akapiga nyundo, nyundo ikamrudia. Akaweka tairi chini akalirukia, likamrusha. Watu wakajaa. Akaja Mbwana na lori lake kutazama watani wake wamefikia wapi, akasema hili dogo, nalikanyaga. Kwetu tairi gumu hukanyagwa na gari, linabonyea, linaachia rimu. Akapanda juu yake na gurudumu la lori. Tairi halikubonyea. Akashuka, akapanda tena. Lilikuwa limekaa vilevile.

Nilikasirika, lakini nikiri kwamba nililivulia kofia. Aliyelitengeneza alisema litabeba gari bila upepo, na hapo lilikuwa limebeba lori. Mimi ninayeshona najua kazi iliyofanywa na mtu asiyetaka kurudiwa na mteja.

Mabishano yaliyofuata siwezi kuyaandika yote. Kila mtu alikuwa fundi, hata mama aliyekuwa anauza wali na maharage chini ya turubai. Mwishowe, sijui ni nani aliyetangulia kusema kwa sababu wote bado wanadai, ubao uliegeshwa ukingoni kabisa mwa rimu, maji ya sabuni yakamiminwa, na lori likaukanyaga ubao badala ya tairi. Likasikika "pwaa!" na tairi likaachia. Watu walishangilia kama goli la dakika za mwisho. Ikabidi wasimamishe kazi kwa ajili ya sala ya Ijumaa, wakarudi, wakamaliza mengine mpaka jioni. Huyo mama wa wali alitulisha mara mbili, na mara ya pili alikasirika nilipotaka kukataa.

Mmasai mmoja anayetengeneza katambuga, vile viatu vya mpira wa gari, alikuja kuyachunguza mabaki. Alipitisha kisu kwenye ukuta wa tairi, akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii kiatu itamaliza mguu, yenyewe itabaki," alisema. Nilimpa yote manne. Naye alipoiona ile soli ya Mzee Maganga iliyoachama, akakaa chini papo hapo, akamkatia jozi kutoka kwenye tairi lililopasuka. Mzee alivivaa na suti yake. Sikumtazama sana, nilihofia kucheka.

Korogwe hadi Handeni

Jumamosi tuliondoka alfajiri. Spea sasa ilikuwa kwenye buti na imelimaliza lote, kwa hiyo vitu vya posa vilihamia mapajani kwa Mzee Maganga, sukari juu ya kanga, kanga juu ya shuka, na yeye anachungulia njia kwa pembeni.

Niseme ukweli kuhusu matairi ya kawaida: nilikuwa nayadharau bila kuyajua. Barabara ile ya udongo mwekundu ilikuwa na mikunjo kama bati, na bado kigari kiliipita kwa ulaini, kikinesa kidogo, kama kitu kilichopumzishwa. Mzee Maganga alilala usingizi akiwa amekumbatia sukari. Mwanga ulipokuwa unapanda nikaona mashamba ya mahindi, ng'ombe wakipelekwa majini, na watu wakisimama kuitikia salamu mpaka iishe. Handeni tulikunywa chai kwa mihogo ya kukaanga. Muda tulikuwa nao.

Njia ya Kang'ata

Kisha ukaja mwiba. Njia ya Kang'ata ina migunga, na mwiba wake mmoja ulinitoboa tairi la mbele. Hili halikuficha. Lilishuka pale pale, likalala, mtu aliye mbali kabisa angeliona. Tukaweka spea. Nikajisifu. Mbele kidogo spea nayo ikapata mwiba wake.

Sasa jua lilikuwa limeshapanda, nami nikawa nahema kwa hofu. Lakini tairi lililolala ni kama mtu anayelia njiani, kila apitaye anasimama. Wa kwanza alikuwa na baiskeli na viraka na gundi. Wa pili alikuwa na pampu. Wafugaji wawili waliacha ng'ombe wao kwenye majani, wakashika zamu ya kupampu, mmoja akichoka anampa mwenzake, wakiimba kwa sauti ya chini ili wasipoteze mwendo. Pampu ya baiskeli na tairi la gari, hebu fikirieni. Hakuna aliyeuliza tunawapa nini. Adhuhuri ilipita tukiwa pale pale, na adhana tuliisikia kutoka mbali.

Tulipoondoka, Mzee Maganga hakusema neno. Hilo lilinitisha kuliko mwiba.

"Nakuambia jambo moja, Mama Asha," alisema hatimaye. "Mzee Mhando ni Mzigua. Atatutania, tena sana. Wewe usifurahi."

"Kwa nini nisifurahi? Akitutania ina maana hajakasirika."

"Mtani anataniwa. Mkwe hataniwi. Mkwe unamwogopa, unamwinamia, unapima maneno. Akitupokea kwa utani na kutuaga kwa utani, ujue tumekwenda kama watani na tumerudi kama watani. Binti ameshakwenda Tanga."

Kang'ata

Tulifika watu wametoka kusali alasiri. Barazani palikuwa na mtu mmoja mnyamavu mwenye kanzu, na sikuhitaji kuambiwa kwamba ni mshenga wa yule wa Tanga. Mzee Mhando, mfupi, mkavu, mwenye shati lililofungwa mpaka kifungo cha juu, alikuwa anamkaribisha chai kwa sauti ya upole: "Pokea, ndugu yangu, tafadhali." Alipotugeukia sisi, sauti ikabadilika.

"Wanyamwezi wamefika! Niliwaambia adhuhuri, wamekuja alasiri. Ndiyo mwendo wa mzigo kichwani!"

Ua mzima ukacheka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaona miguu ya Mzee Maganga.

"Na hivi ni nini? Gari limewashinda kulipanda mkaamua kulivaa?"

Walicheka mpaka wakafutana machozi. Mdogo wake Mzee Mhando alivua katambuga moja mguuni kwa mshenga wangu, akaiendesha mchangani huku akinguruma. Wakati mwingine wowote ningecheka kuliko wote. Pale kila utani ulinichoma. Yule mwenye kanzu alikuwa anapewa chai na "tafadhali", sisi tunapewa vichekesho.

Mzee Maganga alieleza safari nzima, tangu taa ya njano mpaka miiba. Alieleza vizuri, na kila alipopumua Mzee Mhando alichomeka utani wake. Kisha akaniuliza mimi.

"Mama, basi la Handeni lipo kila siku. Mngefika tangu jana. Kwa nini mlihangaika na hicho kidude?"

Nilikuwa nimepanga jibu la heshima. Likanitoka jibu la kweli. "Doto hana baba wala mama, mzee. Niliogopa mtasema hana watu. Nilitaka mkiona gari mjue ana watu."

Hakutania. Akamwashiria mama yake, bibi yake Zaina, naye akaingia ndani. Tukasikia sauti yake ikiuliza, na sauti ya msichana ikijibu kwa maneno machache. Bibi akatoka, akamnong'oneza mwanawe sikioni. Mzee Mhando akainuka akaingia nyumbani bila kumtazama mtu.

Alikaa huko muda mrefu. Mwenye kanzu alirekebisha kofia yake. Mdogo mtu akaanza tena kuiendesha ile katambuga, akimuuliza Mzee Maganga kama inahitaji upepo. Mimi nilitazama mchanga na kumuomba Mungu.

Mzee Mhando akatoka. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya kufuma, na uso umetulia kabisa, kama mtu ambaye hakuwahi kucheka maishani mwake.

"Rudisha hicho kiatu," alimwambia mdogo wake. "Na ukae vizuri. Hao ni wakwe zangu."

Mdogo mtu akakirudisha kiatu, akakaa. Mwenye kanzu aliweka kikombe chini taratibu. Mzee Mhando akatujia, akainamisha kichwa, akatuamkia upya tangu mwanzo, kama vile ndiyo kwanza tunafika na hajawahi kutuona.

"Karibuni, wakwe. Poleni sana na safari."

Machozi yalinijaa. Tangu Segera nilikuwa nimekusanya majibu ya kumrudishia mtani yeyote wa Kizigua atakayenichokoza, mengine makali, mengine ya kuchekesha sana. Niliyameza yote, nikashusha kanga usoni, nikainama, nikasema, "Ahsante, mkwe. Tumeshapoa."